Kabla hujahesabu bilioni za tajiri, uliza hati ya uwanja ina jina la nani

#1 | Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Wasimamizi naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa tetesi za usajili, hapa sizungumzii nani anakuja na nani anaachwa.

Dirisha likifunguliwa, kuanzia Kariakoo hadi Mbagala Rangi Tatu mada huwa moja: tajiri katoa ngapi. Straika kaletwa kwa dola ngapi, mshahara wake ngapi, kapangishiwa nyumba Mbezi Beach au Masaki. Swali ambalo silisikii kijiweni ni hili: hizo hela zimeingia klabuni kama nini? Zawadi, mkopo au mtaji wa hisa? Na siku mtoaji akichoka, anaondoka na nini mkononi?

Mimi naandika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo mniwie radhi nikiuangalia mpira kupitia mizania. Ni Mnyama damu, yaani shabiki wa Simba, na Ulaya ni Chelsea tangu enzi za Zola. Hoja yangu naitanguliza ili msihangaike kuitafuta: tajiri asipimwe kwa pesa anazomwaga, apimwe kwa hati ya uwanja. Hati ikiwa na jina lake au la kampuni yake, ninyi ni wapangaji, awe mkarimu kiasi gani. Na klabu isiyo na uwanja kabisa iko pabaya zaidi, nitafika huko.

Chukua Chelsea. Bilionea wa Kirusi, Roman Abramovich, aliinunua mwaka 2003 kwa takriban pauni milioni 140, madeni yakiwemo. Miaka 19 iliyofuata tulibeba kila kombe, na sisi kwenye vibanda umiza tukawa tunasema "jamaa anatoa hela yake mwenyewe". Kwenye vitabu haikuwa hivyo. Sehemu kubwa iliingia kama mkopo kupitia kampuni mama, Fordstam, na mpaka anaondoka deni lilikuwa limefika kama pauni bilioni 1.5. Yaani kila Drogba na kila Hazard aliyekuja, kuna mstari mahali umeandikwa kwamba mwenye timu anadai.

Februari 2022 tukawa mabingwa wa dunia wa klabu. Machi, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ya Uingereza ikamwekea mzee vikwazo na Chelsea ikaanza kuendeshwa kwa leseni maalumu. Masharti ya ile leseni yanastahili kusomwa taratibu: safari ya mechi ya ugenini isizidi pauni 20,000, duka la klabu lifungwe, tiketi mpya zisiuzwe, wanaoingia uwanjani wawe wale wenye tiketi za msimu na waliokwisha kununua. Bingwa wa dunia anapigiwa hesabu ya nauli! Bahati yetu, Abramovich alitangaza kwamba hataomba kulipwa lile deni. Mei timu ikauzwa kwa pauni bilioni 2.5 kwa kundi la mfanyabiashara Todd Boehly na kampuni ya uwekezaji Clearlake, pamoja na ahadi ya kuwekeza bilioni 1.75 nyingine, na fedha za mauzo zikazuiwa kwenye akaunti hukohuko Uingereza.

Angeamua kudai je? Hapo kila mtu ajijibu mwenyewe.

Ila kuna kitu Abramovich hakuwahi kukiuza, kwa sababu hakikuwa chake. Ardhi ya Stamford Bridge. Nyuma huko, miaka ya 80, wafanyabiashara wa majengo waliikamata ile ardhi wakitaka kujenga makazi, na klabu ikanusurika kufukuzwa kwao. Baada ya sekeseke hilo, mwaka 1993 kikaundwa chombo kinaitwa Chelsea Pitch Owners, CPO, mashabiki wakauziwa hisa kwa takriban pauni 100 moja, na mwaka 1997 hati ikahamia kwao. Klabu ikapangishwa uwanja kwa miaka 199 kwa kodi ya jina tu. Kisha wakafunga na kufuli la pili: jina la "Chelsea Football Club" liko mikononi mwa hao hao. Ukihamisha timu bila ridhaa yao, unahama bila jina.

Oktoba 2011 Abramovich alitaka kuwanunua wale wenye hisa ili awe huru kujenga kwingine. Katiba yao ilitaka robo tatu ya kura. Kuelekea mkutano hisa zilinunuliwa kwa kasi ya ajabu, wapinzani wakapiga kelele kwamba kuna mchezo unachezwa. Kura zilipohesabiwa: asilimia 61.6. Haikutosha. Mtu mwenye boti kubwa kuliko vivuko vyetu vya Kigamboni kagonga mwamba kwa mafundi bomba na walimu wastaafu wenye hisa za pauni mia mia.

Nakuja na upande wa kwetu, karibuni kwanza.

#2 | Mdau wa Kimara

Nimesoma nikiwa kituo cha mwendokasi, nimemaliza basi bado halijaja. Uzi mzuri ila mkuu umeruka jambo. Si kuna sheria za matumizi siku hizi? Kule Ligi Kuu ya Uingereza Everton alikatwa pointi, Forest akakatwa, City ana mashtaka 115. Hizo ndizo zinamlinda shabiki. Hati ya uwanja ni mapambo tu.

#3 | Mwanzisha uzi

Mkuu wa Kimara, pole na foleni. Hizo sheria nazijua na nazipenda, lakini ngoja nikuonyeshe zinavyopitika.

Kanuni iliyomkata Everton inasema hasara ya miaka mitatu isizidi pauni milioni 105, tena kwa sharti kwamba mwenye timu aifidie kwa mtaji. Everton alizidisha milioni 19.5, Novemba 2023 akakatwa pointi 10, rufaa ikazirudisha hadi 6, baadaye akakatwa nyingine 2. Forest 4. Na sehemu ya ubishi wa Everton ilihusu riba za mikopo wakati anajenga uwanja mpya. Klabu inajenga kitu cha kudumu miaka mia, inakamatwa kwa hesabu za miaka mitatu.

Sasa Chelsea yangu, kwa aibu. Enzo Fernández, Januari 2023, pauni milioni 106.8, mkataba wa miaka minane na nusu. Kwenye vitabu gharama ya mchezaji haiandikwi yote siku ya kununua, inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Kwa hiyo 106.8 ikawa kama milioni 12.5 kwa mwaka. Kwa mkataba wa miaka mitano ingekuwa zaidi ya 21. Hela iliyotoka ni ileile, kilichobadilika ni jinsi inavyoonekana. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wakashtuka, wakaweka ukomo wa miaka mitano ya kugawanya, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata Desemba 2023.

Ukiuza mchezaji, faida inaandikwa papo hapo. Na kama alikulia kwenye akademi yako, vitabuni hana gharama ya kununuliwa, kila senti ni faida. Ndiyo sababu Mason Mount, mtoto wa nyumbani tangu ana miaka sita, aliuzwa Manchester United kwa pauni milioni 55 na watu wa fedha wakatabasamu huku sisi tukilia. Sheria iliyotungwa kuokoa klabu inamlipa vizuri zaidi anayeuza watoto wake. Hili huwa linanikera kuliko yote.

Halafu ikaja ya hoteli. Hoteli mbili zilizopo pale pale Stamford Bridge ziliuzwa kwa kampuni dada kwa pauni milioni 76.5. Mwaka 2024 timu ya wanawake nayo ikauzwa kwa kampuni mama kwa karibu milioni 200. Muuzaji na mnunuzi baba yao mmoja! Ni sawa na mimi kumuuzia mke wangu friji la sebuleni, likabaki palepale, halafu nikaandika nimepata faida. Ligi ya Uingereza wakati huo haikuwa na kipengele cha kuzuia. UEFA wao hawaitambui hela ya aina hiyo, na Julai 2025 waliilima Chelsea faini ya euro milioni 31, achilia mbali zile za masharti zinazosubiri ikirudia.

Kuanzia msimu wa 2026/27 Waingereza wanahamia kwenye kipimo kingine, gharama za kikosi zisizidi asilimia 85 ya mapato. UEFA wako kwenye 70. Ni bora, ila wenye wanasheria watapata upenyo, wamekuwa wakiupata siku zote. CPO ya mwaka 1993 haina upenyo kwa sababu haipimi chochote. Ni ardhi, ni jina, ni robo tatu ya kura. Basi.

#4 | Mwananchi wa Jangwani

Hahaha, kolo (mtu wa Simba) anatufundisha hesabu. Mkuu, sisi Yanga tunakumbuka msimu wa 2018/19, kocha Zahera mwenyewe anahimiza watu wachange, bakuli linatembezwa mitaani, wachezaji mishahara hamna. Leo tuna vikombe mpaka kabati limejaa, fainali ya Afrika 2023 tumecheza. Unataka tukamuulize mfadhili wetu GSM hati? Kwanza hati ya nini, uwanja wenyewe wa serikali. Mnyonge hana cha kuuliza.

#5 | Mwanzisha uzi

Mwananchi, umeandika kwa utani lakini umegonga penyewe. "Mnyonge hana cha kuuliza" ndiyo hali ya klabu zote mbili tangu nipate akili.

Umesahau mwaka 2016? Yusuf Manji, Mungu amrehemu, mtu aliyeipa Yanga mengi, alitaka akodishwe timu na nembo kwa miaka kumi, faida asilimia 75 kwake na 25 kwa klabu. Wanachama mkutanoni walishangilia. Mpango ukaishia njiani, na Mei 2017 akajiuzulu. Kilichofuata ni hilo bakuli unalolikumbuka wewe mwenyewe. Simlaumu marehemu. Nasema tu kwamba klabu yenye umri wa tangu 1935 ilikuwa imesimama juu ya mguu wa mtu mmoja, mguu ulipoondoka ikaanguka.

Kwetu Simba: Desemba 2017 Mohammed Dewji akashinda zabuni ya asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, wanachama wakabaki na 51. Miaka imepita, Dewji akaondoka kwenye uenyekiti wa bodi 2021, akarudi 2024, na bado kijiweni watu wanabishana hizo bilioni ziko wapi na zimefanya nini. Nanyi Yanga mkapitisha mabadiliko ya katiba 2021 kwa mgawanyo uleule wa 51 kwa 49. Sawa. Sasa niambieni hiyo 51 ni ya nini? Asilimia 51 ya jengo la Msimbazi? Ya jengo la Jangwani na ule uwanja wa Kaunda ambao mto ukifurika unakuwa bwawa? Ya mikataba ya wachezaji inayokwisha baada ya misimu miwili? Sisi Bunju tuna viwanja vya mazoezi, ni hatua, nashukuru. Lakini mechi tunachezea kwa watu.

Na kuchezea kwa watu kuna gharama zake. Mei 2025 Simba iko fainali ya Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Tumefungwa 2-0 Morocco, tunahitaji kupindua matokeo nyumbani, Mkapa, viti 60,000, moto unaoujua. CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakasema eneo la kuchezea pale Mkapa halifai. Mechi ikapelekwa Amaan, Zanzibar. Ndugu zetu wa Unguja walijitahidi kwa kelele, Mungu awabariki, lakini ile Amaan inachukua watu wachache sana kuliko Mkapa. Ikaisha 1-1, kombe likaenda. Nyasi hazikuwa zetu, fundi wa nyasi hakuwa wetu, ratiba ya matukio mengine pale uwanjani hatukuipanga sisi. Mimi nilikuwa Buguruni kwenye kibanda umiza, mwenye kibanda alikuwa ameuza tiketi mara mbili ya watu wanaoenea, tumekaa magoti kwa magoti, na mzee mmoja nyuma yangu kipindi chote cha pili alirudia jambo moja tu: "Lakini kwa nini tuko Unguja?" Hakuna aliyekuwa na la kumjibu.

Miezi miwili kabla, dabi ya Machi 8 iliahirishwa baada ya Simba kusema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Sitaki tubishane nani alikuwa sahihi, tutafika asubuhi. Naonyesha tu kwamba ugomvi wa aina ile haupo mahali ambapo kila timu ina geti lake na funguo zake.

#6 | Mdau wa Chamazi

Wenye uwanja tupo tunawasoma. Azam Complex, watu 10,000, nyasi safi, hatuombi mtu. Bingwa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja. Nyie mna mashabiki, sisi tuna funguo.

#7 | Mwanzisha uzi

Chamazi, heshima yako, na kwa kweli hakuna klabu binafsi nchini iliyofanya mlichofanya. Ila soma tena sentensi yangu ya kwanza kuhusu hati. Funguo ni za familia inayoimiliki Azam, siyo zenu mashabiki. Nendeni mkasome habari za Derby County: mwaka 2018 mwenye timu, Mel Morris, alijiuzia uwanja wa Pride Park kwa pauni milioni 80 ili hesabu zikae sawa. Mwaka 2021 klabu ikawa chini ya msimamizi wa ufilisi, wakakatwa pointi 21 kwa jumla, wakashuka daraja, na kila aliyetaka kuinunua alikwama palepale: timu ni ya huyu, uwanja ni wa yule. Sheffield Wednesday nao waliuza Hillsborough kwa mwenyewe Chansiri, na Oktoba 2025 wakaingia kwenye usimamizi wa ufilisi. Familia yenu imetulia, namuombea mzee maisha marefu. Biashara hurithiwa, mapenzi ya mpira si lazima.

#8 | Mdau wa Mwanza, nipo Dar kikazi

Mnalia na serikali, huku mikoani tunalia na chama. Kirumba, Sokoine, viwanja kibao vilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi wakati chama ni kimoja. Vyama vingi vikaja 1992, viwanja vikabaki CCM. Timu yetu ya Pamba imepanga kwenye uwanja ambao babu yangu alichangia.

#9 | Mwanzisha uzi

Hilo ni uzi wake peke yake mkuu, ufungue, nitakuja na chai.

#10 | Mzee wa mtaa wa Twiga

Vijana, nimeona viongozi wa klabu hizi kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mnawasifia "wanachama" mnadhani ni malaika. Mapato ya mlangoni yalikuwa yanaliwa kabla refa hajapuliza kipenga cha mwisho. Makundi, kadi za bandia, mabaunsa kwenye uchaguzi. Huyo tajiri mnayemtilia shaka angalau analipa mishahara. Ukiwapa wanachama uwanja, wataugawa fremu za maduka mpaka katikati ya duara.

#11 | Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Sikupingi hata kidogo, na ndiyo sababu nimeichagua CPO badala ya kuwaambia watu tuige Barcelona, klabu inayomilikiwa na wanachama. Wale wenye hisa za Stamford Bridge hawaendeshi timu. Hawachagui kocha, hawasajili, hawagusi mapato ya mlangoni. Wana uwezo wa kufanya jambo moja tu, kusema hapana. Na hakuna mtu anayeruhusiwa kupiga kura zaidi ya 100 hata awe na hisa elfu, kwa hiyo huwezi kuja na gunia la hela ukawameza. Mtu mwenye nguvu ya kukataa pekee hana cha kuiba.

Hata bunge la Uingereza limefika hapohapo kwa kuchelewa. Sheria yao ya usimamizi wa soka ya 2025 imeunda mdhibiti huru, na klabu ikitaka kuuza uwanja wake wa nyumbani au kuhama, lazima ipate kibali chake kwanza. Miaka ya 90 Brighton waliuziwa uwanja wao wa Goldstone na wakurugenzi wao wenyewe, pakajengwa maduka, timu ikawa inacheza mechi za "nyumbani" Gillingham, mbali kabisa. Mpaka wanapata uwanja wao mwingine ilikuwa 2011. Nasikia harufu ya zile fremu zako mzee.

#12 | Mdau wa Kimara

Basi limekuja, nipo Ubungo. Sawa nimeelewa, ila hapa Tanzania ardhi yote ni ya umma, rais ndiye mdhamini. Hiyo CPO utaifanyaje? Na tajiri gani mwenye akili atajenga uwanja wa mabilioni kwenye ardhi ambayo hawezi kuiuza?

#13 | Mwanzisha uzi

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Kwanza ardhi. Ni kweli kwetu hakuna umiliki wa moja kwa moja kama wa Waingereza, kuna hati ya kumiliki kwa muda, ukomo miaka 99. Inatosha. Na chombo cha kuishika tayari tunacho, tatizo hatukitumii: bodi ya wadhamini. Klabu zetu zina wadhamini tangu zamani, na wadhamini wanasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaweza kumiliki mali kwa jina la bodi, kizazi kwa kizazi. Kwa hiyo hati isomeke kwa jina la wadhamini wa wanachama, kamwe isiwe kwa jina la kampuni ambayo mwekezaji ana 49 na siku moja anaweza kuwa na 60 kwa mabadiliko ya katiba ya usiku mmoja. Kuuza, kubadilisha matumizi au kuiweka ardhi dhamana kuhitaji robo tatu ya kura za wanachama waliohudhuria, na mkutano utangazwe miezi mitatu kabla. Jina na nembo vifungwe humohumo. Hapo nembo ya Simba haiwezi kutoka Msimbazi kwenda popote bila watu wa Msimbazi.

Pili tajiri. Hahitaji kuuza ardhi ili apate faida, anahitaji uhakika wa muda. Mpe mkataba wa upangaji wa miaka 40 au 50. Ajenge, aweke jina la kampuni yake ubavuni, auze vyumba vya wageni maalumu, matangazo, matamasha, maegesho. Man City pale Etihad ni wapangaji wa halmashauri ya jiji kwa mkataba wa miaka 250, na sijasikia mmiliki wao, Sheikh Mansour, akilalamika kwamba amezuiwa kuwekeza. Na mwekezaji wetu akitaka mkopo benki, aweke dhamana ule mkataba wake wa upangaji. Akishindwa kulipa, benki inarithi upangaji na masharti yake yote, ikitafuta mpangaji mwingine timu inaendelea kucheza palepale.